Fomula Hii Ilipimwa Wapi? Utafiti wa Uhandisi wa Miundo na Swali la Boriti Nene

Mhandisi aliyemaliza shahada ya kwanza anaweza kusanifu jengo la ghorofa kadhaa. Fomula anazo, programu ya kompyuta anayo, na mwongozo wa usanifu uko mezani kwake. Ndiyo maana watu wengi, wakiwemo wazazi wanaolipa ada, huuliza mtu wa namna hii anarudi chuoni kutafuta nini. Miaka miwili ya uzamili, mingine mitatu au minne ya uzamivu, na kazi yenyewe ni kumwaga zege maabara na kulivunja. Swali hilo ni la haki, na nitalijibu kwa kufuata jambo moja tu la kitafiti, tangu lilipozuka hadi lilipoingia katika miongozo ambayo wahandisi hulazimika kuifuata. Jambo lenyewe ni hili: je, boriti kubwa ina nguvu kwa kadiri ya ukubwa wake?

Tuanze na boriti yenyewe. Ikibebeshwa mzigo, hukabili mambo mawili. La kwanza ni kupinda: upande wa juu hugandamizwa na upande wa chini huvutwa. Zege huvumilia sana kugandamizwa, lakini likivutwa ni dhaifu, uwezo wake ukiwa karibu sehemu moja ya kumi tu. Kwa hiyo nondo huwekwa chini, pale penye kuvutwa. Jambo hili linaeleweka vizuri, na boriti iliyosanifiwa sawasawa hutoa onyo kabla ya kushindwa: nondo huanza kurefuka, nyufa hupanuka, boriti hulegea ikaonekana kwa macho, na watu hupata muda wa kutoka.

La pili ni mkato. Karibu na egemeo, yaani pale boriti inapokaa juu ya nguzo au ukuta, mzigo hutaka kuishusha sehemu moja ya boriti huku sehemu ya jirani ikibaki mahali pake. Mvutano huo hujitokeza kwa mshazari, na zege likishindwa hupasuka kwa ufa wa mshazari unaopanda kutoka chini kuelekea mahali penye mzigo. Ringi, zile nondo nyembamba ambazo fundi huzikunja na kuzifunga kuzunguka nondo kuu, kazi yake ni kuukatiza ufa huo. Pasipo ringi, boriti huvunjika kwa kishindo na bila onyo. Ili kulinganisha boriti za ukubwa tofauti, wahandisi huchukua nguvu ya mkato na kuigawanya kwa upana wa boriti mara kina chake. Jibu huitwa mkazo wa mkato, na hupimwa kwa megapaskali, ambayo ni sawa na niutoni moja kwa kila milimita ya mraba.

Sasa, si kila kiungo cha jengo huwekwa ringi. Katika slabu, kuta za kuzuia udongo na misingi mipana, kuzifunga ringi ni kazi ngumu na ya gharama, na miongozo huruhusu ziachwe mradi mkazo wa mkato uwe mdogo. Maana yake ni kwamba usalama wote wa kiungo kile, kwa upande wa mkato, umewekwa juu ya tarakimu moja: mkazo ambao zege lisilo na ringi linaweza kuubeba. Ikiwa tarakimu hiyo ni ileile kwa slabu ya sentimita 15 na kwa slabu ya mita 2, hakuna neno. Ikiwa hushuka kadiri unene unavyoongezeka, basi viungo vinene vilivyosanifiwa kwa tarakimu hiyo vina usalama mdogo kuliko unaoandikwa kwenye hesabu.

Agosti 1955, sehemu ya paa la ghala la Jeshi la Anga la Marekani huko Shelby, jimbo la Ohio, ilianguka. Hapakuwa na tetemeko wala dhoruba, na paa halikuwa limebeba mzigo wa maana zaidi ya uzito wake. Boriti zake zilikuwa na kina cha milimita 914, na mahali zilipovunjika hapakuwa na ringi. Wachunguzi walipofanya hesabu walikuta mkazo wa mkato ulikuwa takriban megapaskali 0.5. Mwongozo wa wakati ule uliruhusu zaidi ya 0.6 kwa zege la aina ile. Boriti ilikuwa imevunjika ndani ya mipaka ya ruhusa.

Hatua iliyofuata inastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu ni ya busara na bado haikufika. Maabara ya chama cha watengenezaji saruji cha Marekani ilitengeneza boriti za mfano zenye theluthi moja ya kina cha zile za ghala, takriban milimita 305, ikazivunja. Zilibeba megapaskali 1.0, mara mbili ya zile zilizoanguka. Watafiti wakauliza: ni nini kilichokuwepo ghalani ambacho hakipo maabara? Wakajibu kwamba zege la paa lilisinyaa likikauka na kubadilika kwa joto huku limebanwa, kwa hiyo boriti zilikuwa zikivutwa kwa urefu wake. Waliporudia jaribio huku wakizivuta boriti ndogo, uwezo ulipungua karibu nusu, na maelezo yakaonekana yamekamilika. Hata hivyo tofauti nyingine ilikuwa wazi mbele yao: kina, 914 dhidi ya 305. Hiyo haikuhesabiwa kuwa sababu.

Mwaka 1963 mwongozo wa Taasisi ya Zege ya Marekani, ACI 318, ulitoka na fomula mpya ya mkato. Ilitokana na majaribio karibu 200, nayo ilitegemea nguvu ya zege. Boriti nyingi katika majaribio hayo zilikuwa na kina cha sentimita 30 au 40 hivi, kwa sababu inayoeleweka na yeyote aliyewahi kufanya kazi maabara. Boriti ya kina cha milimita 300, upana wa 150 na urefu wa mita 2 ina uzito wa kilo 200 na ushei. Vijana wachache huinyanyua. Ukizidisha kila kipimo kwa nne, uzito unazidishwa kwa 64. Hivyo fomula iliyokusudiwa kutumika kwa boriti zote ilikuwa imepimwa kwa zile zinazobebeka.

Aliyeligeuza jambo hili kuwa swali la kitafiti alikuwa Gaspar Kani, mhandisi aliyefundisha Chuo Kikuu cha Toronto. Mwaka 1967 alichapisha matokeo ya boriti za kina cha takriban milimita 150, 300, 610 na 1,220, yaani kila moja mara mbili ya iliyotangulia. Aliifanya nguvu ya zege isibadilike, na vilevile uwiano wa nondo kwa zege. Umbali wa mzigo kutoka egemeo ulikua sambamba na kina. Hii ndiyo nidhamu ya kwanza anayofundishwa mwanafunzi wa uzamili: badilisha kitu kimoja, shikilia vingine vyote, ili matokeo yakibadilika ujue ni nani wa kuulizwa. Mkazo wa kuvunjika ulishuka hatua kwa hatua kadiri kina kilivyoongezeka.

Anayetaka kujua siku ya jaribio inakuwaje, aione hivi. Ubavu wa boriti hupakwa rangi nyeupe ya chokaa ili ufa mwembamba kama unywele uonekane. Mzigo huongezwa kwa hatua, kisha jeki husimamishwa. Mwanafunzi husogea na taa, hufuata kila ufa kwa kalamu hadi unapoishia, na pembeni yake huandika mzigo uliofikiwa. Kwa kadi ya plastiki yenye mistari iliyopimwa hulinganisha upana wa ufa: nusu ya kumi ya milimita, moja ya kumi, mbili ya kumi. Hatua za mwisho hakuna anayeruhusiwa kusogea. Baada ya boriti kuvunjika kazi huendelea, maana uso wa ufa nao husomwa: kama ufa umezizunguka kokoto zikabaki zimechomoza, au umezikata katikati.

Nchini Japani watafiti wa kampuni ya ujenzi ya Shimizu walikwenda mbali zaidi. Mfululizo wa majaribio yao, uliochapishwa katika miaka ya 1980, ulianzia kina cha milimita 100 ukafika milimita 3,000. Mkazo uliozivunja boriti kubwa kabisa ulikuwa chini ya nusu ya ule uliozivunja ndogo. Baada ya hapo hakuna aliyeweza kukana kwamba jambo lipo. Lililobaki ni kwa nini.

Maelezo ya kundi la Toronto, chini ya Michael Collins, yanaanzia kwenye ule uso wa ufa. Ufa wa zege si laini; pande zake mbili zina kokoto zilizochomoza, nazo hukamatana kama meno ya misumeno miwili iliyokutanishwa. Kukamatana huko ndiko kunakopitisha sehemu kubwa ya nguvu ya mkato kutoka upande mmoja hadi wa pili. Katika boriti yenye kina kikubwa, nyufa za katikati ya kina, mbali na nondo za chini, hutokea kwa nafasi pana zaidi, na kila ufa hubidi ubebe mrefuko mkubwa zaidi, kwa hiyo hufunguka zaidi. Lakini kokoto hazikui pamoja na boriti. Kokoto ya milimita 20 inayokamata vizuri ufa wa moja ya kumi ya milimita, hulegea ufa ukifika milimita nzima. Maelezo haya yana tokeo linaloweza kupimwa: ukiweka ringi, au nondo nyembamba kwa safu pembeni kwa kina chote, nyufa hubaki nyembamba na athari ya ukubwa hupungua sana. Majaribio yalionyesha hivyo.

Kuna maelezo mengine yanayoheshimika. Zdeněk Bažant wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, aliweka mwaka 1984 kanuni inayotokana na nishati: kiungo kikubwa huhifadhi nishati nyingi zaidi kinapobebeshwa mzigo, na ufa ukianza nishati hiyo huachiliwa kuusukuma mbele. Pande hizi mbili zilibishana kwa miaka mingi. Mabishano hayo hayakuwa ya majina wala ya vyeo. Zote mbili zilikubali kwamba mkazo hushuka. Zilitofautiana juu ya mwendo wa kushuka, na tofauti hiyo huwa kubwa kwenye vipimo ambavyo hakuna maabara iliyowahi kuvifikia. Hapo ndipo nadharia inapohitajika kuliko popote: pale unapotumia fomula nje ya eneo ulilolipima.

Mchango wa mwanafunzi mmoja wa uzamivu unaonekana vizuri katika habari hii. Frank Vecchio, akisimamiwa na Collins, alivunja vipande bapa 30 vya zege lenye nondo, kila kimoja kikiwa na upande wa milimita 890 na unene wa 70. Havikuwa boriti kabisa. Mashine maalumu iliwezesha kila kipande kisukumwe na kuvutwa kwa usawa kwenye kingo zote, ili tabia ya zege lenye nyufa ipimwe peke yake, pasipo mambo ya mzigo na egemeo kuingilia. Kutoka hapo ilizaliwa nadharia waliyoichapisha pamoja mwaka 1986, na leo ni msingi wa kanuni za mkato katika mwongozo wa Kanada. Mtu wa nje angeuliza vibao vya unene wa sentimita 7 vinahusu nini na madaraja. Vinahusu kwa sababu mtafiti alitenga sehemu isiyojulikana, akaiuliza swali peke yake.

Wakati mabishano yakiendelea, viungo vinene viliendelea kujengwa na vilivyojengwa zamani viliendelea kutumika. Tarehe 30 Septemba 2006, sehemu ya daraja la juu la de la Concorde, mjini Laval karibu na Montréal, ilianguka juu ya barabara kuu. Watu watano walikufa na sita walijeruhiwa. Daraja lilijengwa mwaka 1970, na sehemu iliyovunjika ilikuwa slabu nene ya zaidi ya mita 1 isiyo na ringi, jambo ambalo mwongozo wa wakati ule haukulikataza. Tume ya uchunguzi ilitaja sababu zaidi ya moja: nondo zilizopangwa vibaya, zege duni lililodhoofika kwa baridi na chumvi, na kukosekana kwa nondo za mkato. Ni lazima kuzitaja zote, kwani athari ya ukubwa peke yake haikuliangusha daraja. Lakini kiungo kisicho na ringi hakina akiba: kasoro nyingine zikijikusanya hakuna cha kuzidaka.

Mwaka 2015 Toronto walimwaga kiungo chenye urefu wa mita 19, kina cha mita 4 na upana wa milimita 250, mfano wa ukanda uliokatwa kutoka slabu nene sana. Zege lake peke yake linazidi tani 40. Kabla ya kukivunja, wahandisi na watafiti walialikwa kutuma makadirio yao ya mzigo utakaokivunja, na zaidi ya 60 walituma. Makadirio yalitofautiana mno, na mengi yaliuzidi uwezo halisi kwa mbali. Fomula ya ACI, ileile ya 1963 kwa kiini chake, nayo ilikadiria uwezo kupita kiasi. Napenda sana utaratibu huu wa kukadiria kwanza. Baada ya jaribio, karibu kila nadharia inaweza kurekebishwa ikatoa jibu sahihi.

Toleo la ACI 318 la mwaka 2019 ndilo hatimaye lililoingiza kipengele cha ukubwa kwa viungo visivyo na ringi za kutosha. Kinahesabiwa hivi: chukua kina kwa milimita, zidisha kwa 0.004, ongeza 1, gawanya 2 kwa jumla hiyo, kisha tafuta kipeuo cha pili. Kina cha 250 hutoa 1, yaani hakuna punguzo. Kina cha 1,000 hutoa 0.63. Kina cha 3,000 hutoa 0.39. Kutoka Shelby hadi hapo ni miaka 64. Kutoka makala ya Kani ni miaka 52. Na bado toleo hilohilo liliruhusu misingi ya kina kifupi isihesabiwe punguzo, kwa hiyo mjadala haujafungwa.

Ulaya ilitangulia kwa hili, maana Eurocode 2 tayari ilikuwa na kipengele cha kina, na BS 8110 ya Uingereza, ambayo vizazi vya wahandisi wa Kenya, Tanzania na Uganda walilelewa nayo, ilikuwa na chake. Lakini toleo jipya la Eurocode 2, la mwaka 2023, limefanya jambo ambalo kwetu ni zito zaidi. Likifuata nadharia ya Aurelio Muttoni wa Lausanne, limeingiza ukubwa wa kokoto moja kwa moja katika fomula ya mkato. Kwa zege la kawaida, milimita 16 huongezwa juu ya kipimo cha kokoto, mradi jumla isipite 40, na kipimo hicho hugawanywa kwa kina. Mwongozo sasa unamuuliza mhandisi: uso wa ufa wako una ukwaru kiasi gani?

Tusimame hapo. Kokoto zinazofika Dar es Salaam kutoka machimbo ya Lugoba ni za mwamba mgumu. Zile za pwani, za mawe ya matumbawe, ni laini na zina vitundu. Nairobi hujenga kwa mawe ya asili ya volkano. Fomula inauliza ukubwa wa kokoto, lakini ukubwa unafaa kitu pale tu ufa unapoizunguka kokoto. Ufa ukiikata katikati, kokoto ya milimita 20 haina ukwaru wa milimita 20. Miongozo hulijua hili kwa zege la nguvu kubwa na kwa kokoto nyepesi, na huweka punguzo. Kwa kokoto ya matumbawe, katika boriti ya kina cha mita 1, tarakimu iliyopimwa Ulaya haiwezi kuchukuliwa kuwa imethibitika.

Kuna watakaosema kompyuta italimaliza hili. Jibu lilikwisha kutolewa Norway tarehe 23 Agosti 1991, msingi wa zege wa jukwaa la mafuta la Sleipner A ulipozama kwenye ghuba karibu na Stavanger wakati wa majaribio. Waliokuwemo waliokolewa wote. Uchunguzi ulionyesha kwamba hesabu za kompyuta zilikadiria nguvu ya mkato katika kuta chini ya hali halisi kwa asilimia 47, na nondo za mahali pale hazikushikwa vya kutosha. Programu ilijibu kile ilichoulizwa, kwa mgawanyo wa vipande vikubwa mno. Mwanafunzi wa uzamili anayejifunza kutumia programu bila kujua ni jaribio gani lililoithibitisha, amejifunza nusu ya kazi.

Sasa naweza kusema maoni yangu. Tasnifu nyingi za uzamili katika vyuo vyetu huishia kwenye kupima nguvu ya zege kwa miche ya milimita 150, kwa kubadilisha saruji na jivu la hili au lile. Kazi hizo zina manufaa yake, lakini mche hauna nondo, hauna ufa wa mshazari, na hausemi lolote kuhusu kina. Ghorofa zinaongezeka Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, na chini ya nyingi kuna slabu za msingi za unene wa mita 1 na zaidi. Hapo ndipo swali lilipo, na wenzetu wa Toronto au Lausanne hawana sababu ya kulijibu kwa niaba yetu, kwa vile kokoto zetu hazipo kwao.

Wala gharama yake si ya kutisha. Mfululizo wa kina cha milimita 300, 600 na 1,200, kwa kokoto za Lugoba na kwa za matumbawe, unatosha kwa uzamivu mmoja. Boriti kubwa kabisa, yenye upana wa milimita 300 na urefu wa mita 8, ina uzito wa tani 7, na kreni ya kawaida huinyanyua. Ikivunjika kwenye mkazo wa megapaskali 0.7, mzigo unaohitajika katikati yake ni karibu tani 50. Jeki ya tani 100 inabaki na ziada. Kinachohitajika ni fremu ya chuma iliyofungwa kwenye sakafu imara, na fremu moja inaweza kuhudumia vyuo vitatu au vinne vikikubaliana zamu. Msimamizi amwombe mwanafunzi aandike makadirio yake kabla ya kila jaribio, ayatie sahihi, na kuyabandika ukutani jeki haijawashwa.